Mwangwi wa Mzee Tangazo

Vidole alipoona vitu vilivyotandazwa juu ya meza ya baba yake, hasira zilimpanda kabla hata hajavua viatu. Alisema shikamoo, maana adabu ni adabu, na baba akaitikia marahaba, lakini macho ya binti hayakutoka mezani. Palikuwa na chuma cha kulehemu, waya wa risasi ya kulehemia uliozungushwa kwenye kigurudumu chake, kibao chenye vitundu vingi, betri, maiki, spika iliyonyofolewa kwenye redio kuukuu, na chipu mbili nyeusi zenye miguu ya bati pande zote, kila moja ikitoshana na kifungo cha koti. Vitu vya mzee vya kujiburudisha. Vitu vya namna ile ile yeye aliviokoteza alipokuwa darasa la saba, akavihifadhi kwenye kopo la biskuti, na baba huyu huyu akalibeba kopo lile mpaka jalalani.

"Kaa, mama," baba alisema. "Nina kazi na wewe."

Mtaa mzima ulimwita Mzee Tangazo na hakuna aliyeuliza kwa nini. Tangu ujana wake mpaka kustaafu alikaa kwenye chumba cha vioo pale stesheni ya treni, akiwaambia watu ipi inaingia, ipi inatoka na ipi haiji kabisa. Sauti yake ilitoka kwenye spika, ikagonga dari ya ukumbi, ikarudi, ikagonga tena, hata mtu aliyesinzia kwenye benchi akaisikia mara tatu. Alijivunia mengi, lakini kubwa kuliko yote ni kwamba hajawahi kumwomba abiria radhi. Treni ikichelewa alisema imechelewa, kwisha. "Mtangazaji haombi radhi," aliwaambia nyumbani, kwa sauti ya kazini, "anatoa taarifa." Mke na watoto wakaishi kwa taarifa: leo hakuna kutoka, kesho mnaamka mapema, huyu ataacha shule hii ataenda ile.

Sasa amestaafu, na stesheni wameweka sauti ya mashine. Mzee alikuwa akisimama sebuleni na kutangaza peke yake, akajisikia hovyo, kwa sababu maneno yaliishia kwenye mapazia na makochi. Muuza vipuri mmoja ndiye aliyemwambia kuna chipu ya mwangwi. Inaimeza sauti, inakaa nayo kidogo, inaitoa, inaitoa tena, mpaka chumba cha kulala kinageuka ukumbi. Alimhakikishia kwamba hata asiyewahi kushika waya anaweza kuanza na hiyo, akampa na mchoro wa kufuata. Chipu alimpa mbili, kwa kuwa mwanafunzi lazima aunguze ya kwanza. Mzee alirudi nyumbani anachekelea, akajaribu kulehemu kwa mikono inayotetemeka, akatoboa kitambaa cha meza.

Akamwita kitinda mimba wake, yule aliyepelekwa chuo cha ufundi akasomea umeme. Kitinda mimba alikuja na tai shingoni, maana siku hizi anauza bima, akaigeuzageuza chipu kama mtu aliyeokota jino, akasema atamtuma mtu. Mtu hakuonekana. Ndipo mama mtu akapendekeza kwa sauti ya chini, akiwa anafuta vumbi mahali pasipo na vumbi, kwamba Vidole aitwe, si alikuwa akipenda mambo haya utotoni.

Jina la Vidole alipewa na mama huyo huyo, kwa sababu hakuna kitu ndani ya nyumba ambacho vidole vyake havikukifungua. Sasa alikuwa fundi cherehani, mwanamke mtu mzima mwenye wateja wake na futi ya utepe isiyotoka shingoni. Alikaa. Akachukua chipu moja akaiweka kiganjani.

"Baba, unakumbuka kopo langu?"

"Kopo gani?"

"La biskuti. Lililokuwa na vipande vya redio."

Mzee alitazama dari kama anayetafuta jambo la mbali sana. Akasema kopo hilo halikumbuki, uzee huu mama, makopo yalikuwa mengi nyumba hii. Kisha akauliza kama chuma kichomekwe sasa au baadaye.

Mama mtu aliendelea kufuta vumbi.

Wahenga walisema mtenda husahau, mtendewa hasahau. Vidole hakuwaamini wahenga. Aliamini mtenda anakumbuka vizuri sana, saa, mahali na nguo aliyovaa, ila anaona tabu kufungua kinywa. Kwa hiyo alikubali kazi ile, na mtu asidhani alikubali kwa wema. Alitaka kitu kimoja tu kutoka kwa mzee huyu kabla hawajazikana: aseme kwa mdomo wake kwamba anakumbuka. Hakudai machozi wala kukumbatiwa. Alitaka neno, na aliapa moyoni kwamba kibao hiki hakitoki mikononi mwake mpaka neno litoke.

Maana jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mwaka ule wa darasa la saba aliunganisha waya kutoka jikoni mpaka sebuleni, akatumia vipande vya redio iliyotupwa na majirani, na spika akaificha nyuma ya kabati. Siku walipokuja wageni wa baba, wakubwa wake wa stesheni, Vidole alikaa jikoni akabana pua kidogo na kutangaza. Tahadhari, tahadhari, treni ya baba imechelewa kwa sababu baba anatafuta soksi. Sebule ilipasuka kwa kicheko. Mgeni mmoja alisema huyu mtoto ana kipaji, apelekwe chuo cha ufundi. Baba alicheka na wageni, akawasindikiza hadi barabarani, akarudi. Hakumpiga. Ingekuwa afadhali. Alichukua kopo chini ya kitanda, akatoka nalo, akarudi mikono mitupu, akatoa taarifa: mtoto wa kike hachezei waya, atakwenda kusoma ushonaji. Na nafasi ya chuo cha ufundi ilipotafutwa baadaye, ilitafutwa kwa ajili ya yule mwenye tai.

Basi Vidole akawa anapita kwa wazazi alasiri baada ya kufunga kibanda chake cha kushonea. Alianza kama wanavyoanza wote, vibaya. Alikuwa amesahau karibu kila kitu. Alisahau kwamba chuma hugusishwa kwanza pale pa kuungia, papate joto, ndipo risasi ifuate. Yeye aliyeyusha risasi kwenye ncha ya chuma akaidondosha, ikakaa bonge bonge isishike kitu. Alijichoma kidole cha shahada. Alibandua akaanza upya. Siku iliyofuata mabonge yalipungua, na ya tatu akapata kiungo kimoja kilichotulia, kinachong'aa, kimeshika mguu wa soketi, kile kikalio cha chipu, na kibao sawasawa, akajikuta anatabasamu peke yake.

Tabasamu lile ndilo lililomtia hasira kuliko yote. Kumbe alikuwa anakipenda kitu hiki bado. Angekuwa amekichukia ingekuwa nafuu, angesema baba alimwondolea upuuzi. Lakini vidole vyake vilicheka vyenyewe juu ya kibao, na yeye akapiga hesabu ya magauni yote, suruali zote na sare za shule zote alizozishona akiwa hajacheka hata mara moja.

Mzee naye hakumwacha apumue. Alikaa kwenye kochi lake akitangaza maendeleo ya kazi kana kwamba nyumba ina abiria. Sasa anashika waya mwekundu. Sasa anakunja miguu. Uangalie mama, huo mguu si umegusana na mwenzake? Vidole alimeza maneno mengi kiasi kwamba alirudi kwake ameshiba. Mama mtu alileta chai na kuondoa vikombe, na kila alipopita nyuma ya binti yake alimgusa bega, ishara ambayo inaweza kumaanisha pole na inaweza kumaanisha nyamaza. Vidole aliichukia kwa sababu zote mbili.

Hatimaye kibao kikakamilika. Chipu ilikaa kwenye soketi yake. Pembeni yake kilichomekwa kipande kidogo chenye miguu mitatu, kazi yake kupunguza nguvu ya betri ili chipu isipate umeme wa kuizidi. Maiki upande huu, spika upande ule, na kitufe cha kuzungusha cha kuongeza au kupunguza mwangwi. Mzee alikuwa amenyoa ndevu. Alivaa hata koti la kazini, lile lenye nembo ya stesheni, akasimama katikati ya sebule na kukohoa ili kusafisha koo.

Vidole akaunga betri.

Hakukuwa na sauti yoyote. Kisha ikaja harufu, kali, ya kitu ambacho hakikuumbwa kuungua, na kamoshi kembamba kakapanda kutoka mgongoni mwa chipu. Aligusa, akarudisha mkono haraka. Akanyofoa betri, lakini alishajua kwamba chipu imekwisha.

Mzee aliangua kicheko. Kicheko kile kile cha mbele ya wageni.

"Si unaona?" alisema. "Mimi nilijua. Tangu siku ile umejificha jikoni unaniiga mbele ya wakubwa zangu, nilijua vidole hivi mwisho wake ni moshi. Unadhani kopo lako nililitupa bure?"

Njia ya mwongo ni fupi, na hii iliishia katikati ya sebule. Mama mtu aliacha kitambaa chake cha vumbi kikaanguka. Mzee mwenyewe alilisikia neno lake baada ya kulitoa, maana alifunga mdomo na mkono ukaenda kwenye kifungo cha koti.

Vidole alimtazama.

"Kopo gani, baba?"

Mzee alikizungusha kifungo kile.

"Nimekuuliza. Kopo gani?"

Mama mtu alianza kusema mwanangu, hayo yamepita, mzee ni mzee. Vidole alimwambia aishie hapo hapo, kwa heshima zote, kwa sababu na yeye aliliona kopo likitoka mlangoni na akaendelea kufuta vumbi. Kisha aliongea na baba, na hakupandisha sauti, kwa kuwa nyumba hii mwenye haki ya kupandisha sauti alikuwa mmoja tu na yeye hakutaka kufanana naye. Alimwambia kwamba kumbe anakumbuka jikoni, anakumbuka wageni, anakumbuka kila kitu. Alimwambia kuwa alipoulizwa mwanzoni alitazama dari na kusingizia uzee, na uongo ule ulimuuma zaidi ya kopo lenyewe, kwa sababu kopo lilitupwa na kijana mwenye hasira lakini uongo umesemwa na mzee aliyepata umri mzima wa kufikiri. Mzee alisikiliza akiwa amesimama na koti lake.

Vidole akaanza kufungasha. Alikuwa na gauni la mteja juu ya kiti, alilokuja nalo ili atie vifungo akisubiri risasi ipoe, nalo lilikuwa limegeuzwa ndani nje kama yanavyokaa magauni ambayo hayajakwisha. Akaligeuza ili alikunje, na hasira zikiwa zimemjaa mikononi, akaona mfuko uliokuwa kushoto unahamia kulia.

Akasimama na gauni mkononi.

Fundi cherehani huchora chaki upande wa ndani wa kitambaa, na kukata kwa upande wa ndani, na kushona kwa upande wa ndani. Ukimpa mchoro wowote duniani ataudhania ni wa ndani. Mchoro wa muuza vipuri ulionyesha kibao kwa juu, upande inapokaa chipu. Yeye aliusoma kama unaonyesha kwa chini, upande wa kulehemu, na hakuwaza mara mbili. Kila waya ulikuwa mahali pake kabisa, lakini kulia kumekuwa kushoto. Umeme ulikwenda kuingia mguu ambao haukuwa wake.

Mwingine angebandua kila kitu. Vidole alifikiri kishonaji. Gauni likishonwa limegeuzwa halifumuliwi, linageuzwa. Akaketi tena, akaweka gauni mapajani, akachukua chipu ya pili, ya mwisho. Kwa kikoleo kidogo akakunja miguu yake mmoja mmoja kuelekea mgongoni, polepole, maana mguu ukikatika ndiyo basi. Akaipachika kwenye soketi ikiwa imelala chali. Kile kipande cha miguu mitatu akakichomoa na kukigeuza uso, akaomba kiwe hakikuungua.

"Umeiweka chali," mzee alisema kwa unyonge. Hakuweza kujizuia.

"Ndiyo. Nilikosea mimi. Nilisoma mchoro kwa ndani." Alimwinulia macho. "Umesikia linavyosemwa, baba? Nimekosea. Halivunji meno."

Akaunga betri. Akaweka kidole juu ya chipu. Ilikuwa baridi. Akavuta maiki karibu, na hakumpa mzee, aliishika mwenyewe, akabana pua kidogo.

"Tahadhari, tahadhari," alisema.

Na sebule ikasema tahadhari, ikasema tena kwa mbali kidogo, na tena kwa mbali zaidi, ikatoka dirishani. Glasi za kabatini ziliitikia. Mama mtu alishika mdomo. Vidole alisikia msisimko ukimpanda mgongoni, akajilazimisha asilie, kwa kuwa kilio kingewapa wote wawili nafasi ya kumbembeleza na mambo yakaishia hapo.

Mzee alinyoosha mkono. Macho yake yalikuwa kwenye maiki kama ya mtoto.

"Nipe, mama."

"Nitakupa. Lakini tangazo la kwanza ni la kopo."

Mzee alimtazama mkewe, ambaye kwa mara ya kwanza hakuwa na kitu cha kufuta. Akapokea maiki. Mwili wake wenyewe ulinyooka, mabega yakarudi nyuma, kidevu kikapanda, akawa tena mtu wa chumba cha vioo.

"Tahadhari, tahadhari," alianza, na sauti yake ilijaa nyumba, nzito, yenye kuviringika, na ilikuwa nzuri, lazima isemwe, ilikuwa nzuri vilevile. "Mnatangaziwa wote kwamba kopo moja la biskuti, mali ya binti yetu mkubwa, lilipotea."

Lilipotea, kibao kilisema. Lilipotea. Lilipotea.

Vidole aliusikiliza uongo mpya ukirudiwa na chipu aliyoikunja miguu kwa mikono yake. Alinyoosha kidole chenye alama ya moto, akakizungusha kitufe mpaka mwisho wa kushoto, mwangwi wote ukaondoka. Spika ikabaki na mkwaruzo mdogo tu.

"Sasa sema," alimwambia. "Bila ukumbi."

Mzee alifungua kinywa, akajaribu kuanza na tahadhari, na neno likatoka likiwa dogo, kavu, sauti ya mtu mfupi ndani ya koti kubwa. Alisita kama asiyeitambua. Alitazama kitufe. Binti yake alikuwa amekifunika kwa kiganja.

"Nililitupa mimi," alisema hatimaye. Hakutazama mtu. "Wageni walikuwa wanakusikiliza wewe kuliko wanavyonisikiliza mimi. Nilijua ni kitu kizuri ulichokitengeneza. Nilijua, nikalitupa."

Sauti ilitoka mara moja tu. Hakuna kilichoirudisha.

Vidole aliingoja furaha, haikuja. Alidhani neno likitoka hasira zitaondoka nalo. Hazikuondoka, zilipungua uzito tu, kama mzigo uliohamishwa kutoka kichwani kwenda begani. Nilijua ni kitu kizuri. Hilo hakulitarajia, na ndilo alilojua atakwenda nalo nyumbani na kulala nalo.

"Taarifa imepokelewa," alisema.

Akaondoa kiganja kwenye kitufe, akamsogezea mzee kibao chake. Mzee hakukigusa. Vidole akachomoa chuma cha kulehemu ukutani, akasema hiki anaondoka nacho, na waya wa risasi pia, na mchoro. Hakuna aliyemkatalia. Chuma kilikuwa bado cha moto, hakiwezi kuingia kwenye mfuko wenye gauni la mtu, kwa hiyo alikaa kwenye kiti akakishika kwa mpini na kusubiri kipoe, na katika nyumba ile hapakuwa na aliyetangaza kitu.